Kikohozi Kilichoingia Msituni

Karani wa langoni aliuliza swali lake bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuliuliza mara elfu. "Kuna mwenye mafua? Kikohozi? Homa? Tumbo la kuharisha?"

Wageni watano walitikisa vichwa. Wa tano alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, dobi kwa kazi, na yeye alikitikisa chake kwa bidii kuliko wote. Chini ya ulimi alikuwa na pipi ya kifua, na mfukoni alikuwa na nyingine kumi na moja.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kuhusu kikohozi chenyewe hawakusema kitu, nadhani waliona hakuna haja. Hiki cha dobi wetu kilianza siku tatu nyuma, katika chumba cha kupigia pasi, mahali ambapo mbele yako kuna mvuke wa mashuka ya moto na nyuma yako kuna mlango unaofunguliwa kila dakika na kuingiza baridi. Mtu mwingine angelala kitandani siku mbili, anywe maji ya moto, yaishe. Lakini huyu hakuumbwa na kitako cha kukalia. Baba yake alimwita Kiherehere tangu ana miaka minne, jina likamganda, na sasa hata wateja walimwita Mama Kiherehere wakidhani wanampa heshima.

Safari hii kiherehere chake kilikuwa na sababu. Baba yake alikuwa hospitalini wiki ya tatu, mguu wa kushoto umeharibika kwa kisukari kuanzia vidole hadi juu ya kifundo, na daktari alisema bila kuzunguka: ukatwe kabla ya Ijumaa, la sivyo sumu itapanda na mzee ataondoka nao. Mzee akagoma. Alipoletewa karatasi ya kukubali upasuaji aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Sitii sahihi mpaka nimwone mwanangu," alisema. "Anikute nina miguu miwili."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na leo ilikuwa Jumatano.

Mwana mwenyewe, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa ndani ya msitu huu akifuatilia sokwe, na alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka minne. Mzee alikuwa mpasua mbao. Nusu ya milango ya mtaa wao ilipita kwenye msumeno wake, na magogo aliyatoa humu humu, kabla msitu haujawekewa lango na sheria. Siku kijana alipoleta habari kwamba ameajiriwa kuulinda, baba alimwambia achague, msitu au mzazi. Kijana alichagua, akabeba begi lake. Wote wawili ni vichwa vigumu, na dada mtu amekaa katikati yao miaka yote hiyo akipeleka salamu ambazo nyingine alizitunga mwenyewe.

Kumpata msituni haikuwa kazi ndogo. Wafuatiliaji hulala kambi ya ndani, mtandao wa simu haufiki, na ndugu hawaruhusiwi kupita. Kila ujumbe ulioachwa langoni ulirudi na jibu moja: nitakuja. Miezi ikapita na hiyo "nitakuja" yake. Basi Kiherehere akafikiri, akaona mlango mmoja tu. Wageni wanaruhusiwa kuwafikia sokwe, na penye sokwe ndipo alipo mdogo wake. Akakata tiketi ya mgeni, akapanda basi la alfajiri na mashuka ya watu akayaacha kwenye ndoo.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua alilolifunga kiunoni na redio ya upepo iliyoning'inia begani. Aliwagawia barakoa, akawapanga mstari mmoja na kuwasomea sheria. Hatua kumi kutoka kwa mnyama, usipungue hapo. Saa moja tu, kisha tunaondoka hata kama sokwe anacheza ngoma. Hakuna kutema mate. "Na hakuna kula, kutafuna wala kumung'unya kitu chochote," alisema.

Kiherehere akameza pipi yake nzima nzima, na macho yakamtoka.

"Mafua yako wewe ni kero ya wiki," kiongozi aliendelea. "Kwao ni msiba. Damu zetu zinakaribiana mno, lakini wao hawana kinga ya magonjwa yetu. Miaka mitatu iliyopita mgeni mmoja alificha mafua. Tulipoteza sokwe kumi na mmoja. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho, na hakuna atakayechekwa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeinua mkono. Mkono wenyewe ulitaka, uliinuka mpaka kifuani, ukaishia kurekebisha barakoa. Hiki si kikohozi, alijiambia, huu ni mvuke wa pasi tu umenikaa kifuani. Ukitaka kumwona bingwa wa kujidanganya, mtafute mtu mwenye haraka. Wakaingia msituni.

Ndani mlikuwa na giza la kijani, na jasho lilitoka hata kwa aliyesimama. Njia ilikuwa mizizi na tope. Ruba walijinyoosha kwenye majani wakinusa miguu ya wapitaji, na kila baada ya hatua chache kiongozi alionyesha kidole chini na kusema "siafu", nao wote wakaruka kwa zamu. Kiherehere alikuwa nyuma yake kabisa, akimkanyaga visigino.

"Mama, taratibu," kiongozi alisema. "Msitu hauhami."

"Sokwe je?"

"Wakihama tutaambiwa. Tuna mtu huko anaitwa Masikio. Analala wanapolala, anaamka kabla hawajaamka. Anawajua kwa sauti mmoja mmoja."

Kiherehere akajua ni mdogo wake. Nyumbani kijana yule alikuwa haambiwi kitu mara moja akasikia, leo anaitwa Masikio.

Wenzake walikuja kutazama, na walitazama. Mbega walipopita juu, weusi wenye mabega meupe, wakijirusha kutoka tawi hadi tawi huku mikia yao ikifuata nyuma, wote walisimama wakaduwaa. Mmoja, bwana aliyebeba kamera yenye bomba refu kama mkono wa mtu mzima, alipiga goti kwenye tope na hakuinuka. Kiherehere alihesabu kimoyomoyo. Alifika mia mbili. Hondohondo wawili wakapita juu ya miti, mbawa zikivuma hata akainamisha kichwa, na yule bwana akageuza bomba lake upande huo.

"Bwana Kamera," Kiherehere alisema, "hao ndege watakuwepo na kesho."

"Na wewe una nini kesho?" alimjibu kwa upole, na hakujua alichouliza.

Kifua kilianza kumwasha. Alimeza mate. Akameza tena. Walipofika kwenye mto wenye maporomoko madogo alichelewa makusudi, akaacha wengine wavuke, kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu na kukohoa mara nne ndani ya kelele za maji. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuna aliyegeuka. Alipaswa kufurahi, lakini aliona aibu, maana alishajua kwamba huu si mvuke wa pasi.

Saa mbili na nusu baadaye redio ilikoroma begani mwa kiongozi. Akainua mkono, wote wakanyamaza. Kisha zikaja kelele za sokwe, kwanza mmoja, pumzi ndefu zinazopanda na kupanda, halafu wote kwa pamoja, mayowe yaliyotoka kila upande na kuwapita miilini. Mmoja wa wageni alimshika mwenzake mkono. Kiherehere alisahau kifua chake, alisahau Ijumaa, alisimama tu mdomo wazi ndani ya barakoa.

Walikuwa kwenye mkuyu mkubwa. Wengine juu, wanakula matunda na kuangusha maganda, wengine chini kwenye mizizi. Dume moja pana, ambalo kiongozi alilitaja kwa jina la Mwenyekiti, lilikuwa limelala chali, mguu mmoja juu ya mwingine, likichokonoa meno. Jike mzee alikuwa akimchambua mwenzake manyoya mgongoni, taratibu, kwa vidole viwili, na kila alichokipata alikitazama kwanza. Kiherehere alifikiri jinsi yeye alivyomchambua baba yake nywele nyeupe wiki iliyopita, naye baba akalalamika kwamba anamnyofoa.

Na pembeni, ameegemea mti, panga kiunoni, barakoa usoni, alikuwa mdogo wake. Amekonda. Ndevu zimemtoka. Alimwona dada yake, mabega yakashtuka, kisha hakufanya lolote. Macho yake yalimkazia, na kichwa kikainama upande kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Kijana alisubiri kiongozi aelekeze wageni kwa Mwenyekiti, akamsogelea dada yake kinyumenyume.

"Dada. Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Baba anakatwa mguu."

"Nini?"

"Mguu unakatwa kabla ya Ijumaa, na hataki kutia sahihi mpaka akuone. Asipotia, anakufa. Ndiyo hivyo, sina maneno mengine."

Kiherehere aliivuta barakoa yake chini ya kidevu. Hakukusudia ubaya. Alitaka tu kijana aone uso wake, ajue kwamba safari hii hakutunga. Kijana alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Amesema yeye mwenyewe? Anataka kuniona mimi?"

"Kwa kinywa chake. Amesema 'mwanangu'."

Kijana aligeuka akatazama mkuyu kwa muda. "Nina siku za likizo," alisema. "Mwenzangu atapanda leo jioni kunipokea. Tunashuka wote. Kesho asubuhi tuko hospitali."

Kitu kilifunguka ndani ya Kiherehere, kitu alichokuwa amekibana tangu Jumatatu, labda tangu miaka minne, na bahati mbaya kikohozi nacho kilikuwa kimebanwa mahali hapo hapo. Kilitoka chote. Alikohoa mpaka akashika magoti, barakoa ikining'inia shingoni, na alipoinua kichwa alikutana na macho mawili ya kahawia. Mtoto wa sokwe alikuwa ameshuka kwa mmea mtambaao, hatua tano tu kutoka kwake, midomo ameinyoosha, anamshangaa. Mama yake alimnyakua kwa mkono mmoja na kupanda.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Ila hawasemi kwamba kifo chenyewe kinaweza kumwendea jirani.

Kiongozi alifika kwa hatua ndefu kuliko miguu yake. "Vaa barakoa! Wote, nyuma! Nyuma!" Aliwasukuma wageni mpaka nyuma ya vichaka, kisha akamgeukia Kiherehere. "Karani aliuliza, na mimi nikauliza. Mama, niliuliza!"

"Ni dada yangu," Masikio alisema.

"Sijali ni nani."

"Nilijua tangu alipofika." Alisema akitazama chini. "Nilimsikia akimeza. Nyumbani alikuwa anameza hivyo hivyo, baba asimzuie kutoka. Nilipaswa kumrudisha pale pale. Nikasema, ngoja kwanza nisikie amekuja na nini. Kumbe baba yetu anakatwa mguu, na ananiita."

Kiongozi hakulitarajia hilo kutoka kwa Masikio.

"Basi nenda nao," alisema mwishowe. "Mzazi ni mzazi. Mwingine atawaangalia."

"Mwingine hawajui. Wako arobaini na mmoja. Mmoja akianza kukohoa usiku kiotani, nani atajua ni yupi, ili atengwe na njia za wageni zifungwe? Itabidi nikae nao wiki mbili, kama ile mara." Akamgeukia dada yake. "Ile mara nilizika saba kwa mikono hii. Wengine wanne hatukuwaona tena."

"Na baba utamzika kwa mikono ipi?" Kiherehere alilipuka.

"Dada..."

"Usiniite dada! Sokwe, sokwe! Nimekuja kukuchukua, nimepanda milima, nimeliwa na siafu, na wewe ulishakubali! Ulishasema kesho asubuhi!"

"Nilishasema," kijana alikubali. "Kabla hujakohoa."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilimchoma. Alikuja kumtoa mdogo wake msituni, na yeye mwenyewe, kwa mapafu yake mwenyewe, alikuwa amemfungia ndani.

Njia ya kurudi haikuwa na mbega wala hondohondo, au walikuwepo na hakuna aliyewatazama. Wageni walimwacha atembee nyuma peke yake. Hakumlaumu mtu. Aliwaza uongo. Angeweza kumwambia baba kwamba kijana yuko njiani, tia sahihi tu, atakukuta ukizinduka. Alishautengeneza wote, mpaka jina la basi, na ulikuwa uongo mzuri kuliko ule wa langoni. Kisha akakumbuka yale macho mawili ya kahawia, na yule mama aliyenyakua mwanawe, na akaona uongo wake wa kwanza haujamaliza hata kazi yake.

Langoni, kwenye benchi nje ya ofisi, simu ilipata mtandao. Alipiga. Baba alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Umempata?"

"Nimempata. Haji, baba. Alikubali kuja, mimi nikaharibu." Akasimulia yote, kikohozi, uongo, mtoto wa sokwe, wiki mbili.

"Nataka kumsikia mwenyewe," mzee alisema.

Kiherehere aliinuka, akaingia ofisini, akasimama mbele ya kiongozi aliyekuwa anaandika ripoti. Alivaa barakoa kwanza. Hakuomba msamaha, aliona hautoshi. Aliomba redio.

Kiongozi aliweka kalamu chini. "Dakika tano," alisema. "Na nampa Masikio, si wewe."

Basi akakaa tena bencheni, simu mkono wa kushoto imewekwa sauti ya nje, redio mkono wa kulia. Baba akisema, yeye abonyeze kitufe. Mwana akijibu, aachie.

"Baba, ukimaliza sema 'mwisho', ili nijue."

"Mwisho wa nini? Bado sijafa."

Redio ilikoroma. "Shikamoo, baba."

Mzee alikohoa kidogo kusafisha koo. "Marahaba. Dada yako anasema huji."

"Siji, baba. Si kwamba sitaki."

"Wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Na wote unawajua?"

"Kwa sura na kwa sauti."

Nyuma ya mzee ilisikika toroli ya dawa ikipita ukumbini. Kiherehere alibonyeza na kuachia, akabonyeza tena.

"Nilikata miti humo miaka thelathini," mzee alisema. "Sikuwahi kumwona hata mmoja. Nikiwasha msumeno nawasikia wanakimbia, basi. Wanafananaje?"

"Wana mikono kama yako, baba. Ngozi ngumu hivyo hivyo, na kucha fupi. Kuna dume moja linalala chali, mguu juu ya mguu, kama wewe baada ya chakula."

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichokatikia njiani, lakini Kiherehere alikuwa hajakisikia miaka minne, na kwa sababu hiyo mkono ukamlegea na kitufe akakiachia bila kujua.

"Nilikwambia uchague," mzee alisema. "Nikadhani njaa itakurudisha. Kumbe ulichagua kweli." Kisha, kwa sauti nyingine, akageuka pembeni: "Muuguzi! Iko wapi ile karatasi? Ilete, na kalamu inayoandika." Kisha akarudi kwenye simu. "Mwambie akae na watu wake hao. Nitakuja kuwaona mwenyewe."

"Kwa mguu gani, baba?" Kiherehere aliuliza, machozi yakiingia ndani ya barakoa.

"Kwa utakaobaki. Haya, acha nitie sahihi."

Simu ikakatika. Redio ikakoroma.

"Dada? Baba amesema nini? Sijapata kitu baada ya kucheka. Dada?"

Alibonyeza kitufe ajibu, lakini kifua kilimtangulia. Alikohoa na kukohoa, ameinama juu ya benchi, na kidole kikawa kimebonyeza muda wote huo. Alipoachia, sauti ya mdogo wake ilikuja pole pole.

"Kohoa kwanza, dada. Huko hakuna wa kumdhuru. Mimi nasubiri."

Akakohoa mpaka kikaisha. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akabonyeza.

"Ametia sahihi," alisema.